Usaili wa Kampuni Kubwa za Teknolojia: Anayeamua Hatakuona

Habari za jioni, ndugu zangu. Wa nyuma sogeeni, spika hizi zinakwaruza.

Google, anayekuhoji siye anayekuajiri. Yeye anaandika mlichoongea, anaweka alama, anapeleka. Kamati ya watu ambao hawajawahi kukutana nawe ndiyo inayosoma na kupima. Ulichokiwaza kimyakimya hakimo kwenye faili. Ukikaa dakika kumi umeinamia kibodi, msaili ataandika nini zaidi ya kwamba ulinyamaza?

Tufanye swali moja la kuandika programu hapa hapa. Umepewa orodha ya uzito wa magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, utafute mawili yanayotimiza kilo 50. Una dakika 45. Usianze kuandika. Uliza: orodha imepangwa? Jozi moja inatosha au zote? Gunia moja laweza kuhesabiwa mara mbili? Mapengo haya mara nyingi yameachwa makusudi.

Kisha taja njia ya nguvu tu, isiyo na ujanja, pamoja na bei yake: kila gunia lilinganishwe na kila jingine. Magunia 1,000 ni jozi 499,500. Halafu njia bora: pita orodha mara moja, na kwa kila uzito uliza jedwali la heshi (hash table), yaani daftari la programu linalojibu papo hapo kama kitu kimo, kama salio lake la kufikia 50 limeshapita. Ukiona 18, unatafuta 32. Hayo ni maswali 1,000 tu, ila umelipa kwa kumbukumbu ya ziada ya kompyuta, na hilo litaje mwenyewe kabla hujaulizwa.

Sasa, wengi huangukia hapa: wanaingiza uzito kwenye jedwali kabla ya kuuliza. Gunia la kilo 25 linajikuta lenyewe, jibu linatoka 25 na 25, na gunia ni moja! Uliza kwanza, ndipo uingize. Na kwa kuwa mara nyingi unaandika mahali pasipoendesha programu, chukua magunia matatu tu, 25, 18 na 32, uyapitishe mstari kwa mstari, kwa sauti. Kwa Kiingereza, ndiyo. Jizoezeni kusema, maana kusoma Kiingereza na kukisema ni vitu viwili.

Maswali ya tabia, yale ya jinsi ulivyotenda kazini huko nyuma, sitakaa nayo sana. Amazon wana kanuni 16 za uongozi, na maswali yao mengi ya aina hiyo yanatoka humo. Andaa visa vyako, na useme "nilifanya". Ukisema "tulifanya" tangu mwanzo hadi mwisho, msaili hana cha kuandika juu yako.

Saa, jamani. Saa nne asubuhi ya California, mwezi wa saba, ni saa mbili usiku hapa Mwanza. Desemba ni saa tatu, kwa sababu wenzetu hurudisha saa nyuma Novemba. Ile ya mwezi wa saba, kalenda itaandika 8:00 PM au 20:00. Asije mtu akasoma nane akakaa kungoja saa nane. Betri ijae mapema, bando liwe kwenye simu tayari kwa kurusha intaneti. Umeme wa jioni mnaujua.

Dada pale dirishani, ulinyoosha mkono.