Taka, Ukuta na Kazi ya Kaunti: Mhadhara Uliotolewa Lamu

Asalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana. Nimeombwa nizungumzie namna serikali ya kaunti inavyopaswa kushughulika na taka na maandishi ya ukutani. Wengi tumezoea kuyatenga: taka ni za idara ya mazingira, ukuta uliochorwa ni shauri la mwenye nyumba. Mimi nasema ni kazi moja, na dawa yake kubwa ni kuwahi.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya kwenye kichochoro ambako watu huacha baiskeli. Walifunga karatasi ya matangazo kwenye usukani wa kila baiskeli, na pipa la taka halikuwapo. Ukuta ulipokuwa safi, watu 33 katika kila 100 waliitupa ile karatasi. Ukuta ulipochorwa ovyo, waliotupa walifika 69. Kichochoro ni kile kile, karatasi ni ile ile. Na kibao cha kukataza kuchora kilikuwapo mara zote mbili! Hebu tuvikumbuke vibao vyetu vya "Usitupe taka hapa", na marundo yaliyo chini yake.

New York walihangaika miaka mingi kuwawinda vijana waliochora treni za mjini. Kilichofaa ni mpango ulioanza mwaka 1984: behewa likishasafishwa, likichorwa tena halirudi kubeba abiria mpaka lisafishwe upya. Mchoraji akawa haioni kazi yake ikipita mjini. Mei 1989 treni ya mwisho yenye michoro ikaondolewa njiani.

Sasa tuje kwetu, maana hapa kuwahi peke yake hakutoshi. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Ukuta wa chokaa unapumua. Unyevu na chumvi hupanda kutoka ardhini, vikatokea taratibu kwenye lipu. Mtu akipuliza rangi juu yake, rangi inazama kwenye vitundu vya lipu. Halafu anakuja mfanyakazi mwenye nia njema, anafunika maandishi yale kwa rangi ya mafuta. Hapo ndipo madhara makubwa yanapoanza: unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inaganda ndani, lipu inavimba na kubanduka. Anayetumia asidi anaharibu zaidi, kwa sababu asidi inaiyeyusha chokaa yenyewe. Brashi ya waya nayo inachukua rangi pamoja na ukuta.

Njia ni kumwita fundi anayeijua chokaa, ajaribu kwanza pembeni, akwangue kwa upole, kisha apake chokaa nyepesi mikono kadhaa. Mambo haya mafundi wa Lamu wanayajua tangu enzi za babu zao. Kwa nini basi kaunti isiwe na mafundi wawili watatu wa kudumu kwa kazi hii, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa? Makumbusho lazima washirikishwe, kwani si kila mchoro ni wa kufutwa. Kule Fort Jesus, Mombasa, michoro iliyoachwa na Wareno inatunzwa, na leo ni sehemu ya historia yetu.

Mabango ya uchaguzi ni habari nyingine, na yananiudhi kweli. Mwenye bango hahitaji kutafutwa na askari: jina lake na sura yake vipo ukutani. Apelekewe gharama ya kusafisha, awe ameshinda au ameshindwa.

Kuhusu taka, Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka uzoaji wa taka mikononi mwa kaunti. Mji wetu una vichochoro ambavyo lori haliwezi kuingia. Anayeingia ni punda au mkokoteni. Kwa hiyo saa ya kuzoa ndiyo kila kitu. Mama akitoa taka baada ya punda kupita, zinalala pale mpaka kesho, paka na kuku wanazichambua, na jirani akiona rundo naye anaongeza lake. Kaunti itangaze saa ya kila mtaa, Mkomani saa yake na Langoni saa yake, kisha iishike.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017 ilileta nafuu, lakini chupa na pampasi zimebaki. Punda wanaokula jaani wanameza plastiki, matumbo yanaziba, wanakufa kwa maumivu makali. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenganishe taka zinazooza na zisizooza. Tutatenganisha, ila haina maana kama zote zitachanganywa tena katika mkokoteni mmoja. Na plastiki ina kazi: Flipflopi, jahazi lililoundwa hapa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa ndara kuukuu zipatazo 30,000, liliteremshwa majini mwaka 2018 chini ya fundi Ali Skanda.

Faini sizikatai. Lakini zije baada ya huduma. Huwezi kumtoza mtu ambaye hukumpa pa kutupa. Uingereza, sheria ya mwaka 1990 inamruhusu mwananchi kuipeleka halmashauri mahakamani ikiacha uchafu ukae. Sisi tuna Kifungu cha 42 cha Katiba, haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 70 kinachomruhusu yeyote kuidai haki hiyo mahakamani.

Kabla ya kufika huko kuna bajeti. Makadirio ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka. Kikao cha wananchi kikiitishwa, nendeni, na kina mama msikae nyuma. Ulizeni ni shilingi ngapi zimetengwa kwa punda na wazoaji, na ngapi kwa chokaa na mafundi wake. Mkijibiwa bila kutajiwa kiasi wala afisa anayehusika, ulizeni tena.