Kabla ya Rangi: Kuandaa Vipande vya Metali na Rezini

Ndugu wasikilizaji, rangi ikibanduka kwenye modeli, yaani sanamu ndogo ya kuunganishwa vipande, lawama huliangukia kopo la rangi. Mara nyingi kosa lilifanyika kabla kopo halijafunguliwa, tena metali na rezini hazikosewi kwa namna moja.

Tuanze na rezini, plastiki inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikaganda, maana ndiyo yenye hila. Kalibu ambamo humiminwa hupakwa dawa, aghalabu ya silikoni, ili kipande kitoke bila kung'ang'ania. Dawa hiyo hubaki juu ya kipande. Wewe huioni, lakini rangi, gundi na puti ya kuzibia matundu zote zitaiona. Kwa hiyo rezini huoshwa mara mbili: kwanza kabla ya msasa, kwa sababu msasa huisambaza dawa hiyo na kuisukuma ndani ya mikwaruzo, halafu tena baada ya kusugua, kuondoa vumbi na jasho la vidole. Maji ya vuguvugu, matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki mkuukuu vinatosha. Suuza vizuri, acha vipande vikauke usiku kucha.

Nimesema vuguvugu kwa sababu rezini ya poliyurethani hulegea kwa joto. Udhaifu huo una faida yake: mkuki wa sanamu uliopinda uutumbukize katika maji ya moto nusu dakika hivi, unyooshe taratibu, kisha uushikilie hivyo hivyo ndani ya maji baridi. Ukiuachia ungali na joto, utarudi kupinda.

Kikonyo cha kumiminia, yaani mabaki ya rezini pale ilipoingilia kalibu, kikate kwa msumeno mwembamba. Ukikivunja kwa koleo, rezini huweza kumeguka hadi ndani ya kipande. Sugua kwa msasa wa maji, namba 400 kisha 600, msasa ukiwa umelowa, na uvae barakoa ya kuchuja vumbi. Kitambaa tu hakitoshi. Tundu dogo kama ncha ya sindano mara nyingi ni mdomo wa pango. Lipanue kwanza kwa kisu, ndipo ujaze puti. Ukiliziba juujuu, puti itadidimia baadaye, na utagundua hilo rangi ikiwa imeshakauka.

Metali nyeupe ni mchanganyiko wenye bati, na vipande vya zamani huwa na risasi nyingi. Usipojua ni ipi, ichukulie kuwa ya risasi: usiisugue kavu kwa msasa, usile mezani pa kazi, nawa mikono. Mstari wa mshono ulioachwa na kalibu uondoe kwa tupa laini. Ipake tupa chaki kwanza, kwani metali hii huziba meno yake upesi. Wako wanaoiloweka kwenye siki ili rangi ishike. Kwa yenye risasi siungi mkono, kwa kuwa asidi ya siki huweza kuanzisha unga mweupe unaoila risasi polepole.

Mkono wa sanamu ukiwa wa metali ni mzito, na gundi ya papo hapo hukatika ukigongwa. Toboa pande zote mbili, mkono na kiwiliwili, kwa keekee ya mkono, milimita 1 kwa upana na 3 kwa kina, tia waya wa shaba, kisha uunge kwa gundi ya epoksi. Vibati vyembamba vya shaba ya manjano vikwaruze kidogo, vifute kwa spiriti na uvipulizie praima (rangi ya msingi) yenye asidi, ile ya metali. Rangi ya maji peke yake hukwanguka kwa ukucha.

Kwa praima ya kawaida ya kijivu, tikisa kopo dakika 2, puliza kutoka sentimita 20 hadi 30, tabaka jembamba, usirudie hapo hapo. Ukiwa mbali mno, au hewa ikiwa na joto kali, matone hukauka njiani na uso huwa kama mchanga. Ukikaribia mno, nakshi hufunikwa. Siku ya unyevu mwingi, ahirisha.

Tabaka hilo la kijivu litafichua mishono uliyoipita. Isugue, ijaze, osha mahali hapo, na pakishakauka upulize hapo tu.