Kufuatilia Maradhi ya Mapafu ya Paka kwa Picha

Waheshimiwa walimu wangu, ndugu matabibu wa mifugo, nanyi wanafunzi mliotoka Makerere:

Paka wanaolinda mahindi katika vinu vya Kisenyi hula panya kila usiku, na wale wa pembezoni mwa Kampala hukamata mijusi na ndege migombani. Ninaanza na mlo wao kwa sababu ndiyo njia ya minyoo ya mapafu iitwayo Aelurostrongylus abstrusus. Lava zake, yaani minyoo wachanga, hukua ndani ya konokono na koa. Panya, ndege au mjusi akila konokono huyo hubaki nazo mwilini, na paka anayemla mnyama huyo huambukizwa. Baadaye hukohoa na kuhema, naye mara nyingi hupewa antibiotiki pasipo kupigwa picha yoyote.

Katika picha ya eksirei, kuta za mirija ya hewa huonekana zimenenepa, na mayai na lava zinapojaa katika vifuko vya hewa hutokea mabaka meupe na vinundu vilivyotapakaa. Hata hivyo, picha haitaji jina la ugonjwa. Vinundu vya namna hiyo huweza kuletwa pia na kifua kikuu, kuvu au saratani, kwa hiyo kinyesi hakina budi kupimwa kwa njia ya Baermann, yaani kukiloweka majini ili lava zitoke zionekane, tena kwa siku kadhaa, kwani lava hazitoki kila siku.

Kwa maoni yangu, picha hutufaa zaidi katika kufuatilia ugonjwa, na hapo ndipo tunapokosea sana. Picha mbili hazilinganishiki iwapo ya kwanza ilipigwa paka akiwa ametoa pumzi na ya pili akiwa ameivuta, kwa kuwa pafu lililopungua hewa huonekana jeupe hata likiwa zima. Vilevile, paka akilala ubavu, pafu la chini hupungukiwa hewa na kuficha kidonda. Ndiyo maana ninasisitiza picha tatu, yaani ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na ya kutoka mgongoni au tumboni. Mkao, kipimo cha mionzi na dawa ya kutuliza viandikwe daftarini, ili atakayepiga picha ya pili, hata kama ni mtu mwingine, afanye vilevile. Na paka anayehema mdomo wazi apewe oksijeni kwanza, picha ingoje.

Tena panahitajika subira. Baada ya dawa ya minyoo iitwayo fenbendazoli, paka aweza kuacha kukohoa na kinyesi chake kikawa safi, ilhali picha bado ina mabaka, kwani mapafu huchelewa kusafika. Nimewahi kumwongezea paka dawa asizozihitaji kwa sababu ya picha niliyoirudia mapema mno, na jambo hilo bado linanihuzunisha.

Mashine ya CT, inayopiga mwili picha za vipande kwa vipande kwa mionzi, huonyesha vinundu vidogo visivyoonekana kwa eksirei, ila gharama yake ni kubwa. Ultrasaundi ya kubebwa mkononi huona tu kidonda kinachogusa ukingo wa pafu, maana hewa huzuia mawimbi yake. Lakini haina mionzi, na paka huweza kupimwa akiwa amekaa mapajani mwa mwenyewe. Tunaidharau bila sababu.

Nimekitaja kifua kikuu. Paka huweza kupata Mycobacterium bovis, bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, kwa kunywa maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa, na mwaka 2014 mamlaka za afya za Uingereza zilitangaza kwamba watu 2 walikuwa wameambukizwa na paka. Kwa hiyo paka mwenye vinundu aliyelelewa kwa maziwa mabichi simgusi bila barakoa na glavu, wala simruhusu msaidizi amshike wakati wa kupiga picha: hutulizwa kwa dawa, huegemezwa kwa mifuko ya mchanga, nasi sote hutoka chumbani kabla kitufe hakijabonyezwa.