Asisimulishwe Mara Tano

Wahadhiri wenzangu, walezi wa mabweni, viongozi wa wanafunzi: walionisikia mwaka jana wanivumilie, narudi palepale: namna tunavyompokea mwanafunzi aliyebakwa.

Kuna binti wa mwaka wa pili aliyebakwa na mwanafunzi mwenzake. Alianza kwa mlinzi wa bweni. Mlinzi akampeleka kwa mlezi, mlezi akamtuma kwa mshauri wa wanafunzi. Mshauri hakuwepo, basi ikabidi aeleze kwa katibu muhtasi, mlango uko wazi na vijana wawili wanasubiri kugongewa mihuri. Kisha mkuu wa idara, maana binti alikuwa na mtihani. Mwisho ndiyo zahanati. Kila alipofika: "Hebu eleza ilikuwaje."

Mara tano! Aliponifikia mimi, hakutamka neno. Alifungua simu akanipa nisome. Alikuwa ameandika yote ili mdomo wake usiyarudie tena. Kioo cha simu kilikuwa na jasho la kiganja chake.

Sasa angalieni mpangilio ule. Zahanati ilikuwa ya mwisho, saa 60 zimeshapita. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Tulimlia saa zake kwa maswali.

Najua mtaniuliza: tusiposikia kisa, tutajuaje ni kweli? Jamani, kumwahirishia mtu mtihani si kumhukumu mwingine. Uchunguzi una watu wake na siku yake, na mtuhumiwa atasikilizwa huko. Mlezi aliyeamshwa usiku hahitaji kujua alikuwa amevaa nini. Amuulize: uko salama sasa hivi? Umeumia? Ungependa nani ajue? Halafu amsindikize zahanati kwa miguu yake mwenyewe, asimwelekeze kwa kidole. Polisi aende akitaka yeye.

Na lile la "mbona hukupiga kelele" naomba life leo. Mwili ukizidiwa na hofu unaweza kuganda, sauti isitoke, mkono usiinuke. Huko si kukubali.

Naona napungiwa mkono, muda unakwisha. Haraka basi: nguo za siku ile zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, plastiki hufungia unyevu na ushahidi ukaharibika. Dawa za dharura za kuzuia mimba mwisho siku 5, lakini mapema ndiyo bora. Rushwa ya ngono ilistahili mhadhara wake. Kwa leo, mwanafunzi akimlalamikia mhadhiri, karatasi yake isahihishwe na mtu mwingine tangu siku hiyohiyo, asingoje kikao. Na wavulana nao hubakwa. Akija mvulana, asichekwe.

Walezi, msiondoke. Nataka namba ya zahanati na ya mtu wa zamu ya usiku zibandikwe nyuma ya kila mlango wa bweni kabla muhula haujafunguliwa. Tuonane hapa mbele, tugawane majengo.