Kisu cha Jina Kubwa: Tukipime Wenyewe Kabla ya Kukilipia

Assalaam aleikum, ndugu zangu wa Unguja na Pemba, na nyote mlio ng'ambo. Karibuni jikoni kwangu hapa Chake Chake. Leo hatupiki. Mezani pana visu vitano, ubao wa kukatia, kinoo, bakuli la maji, vitunguu, tungule, muhogo mmoja mnene na kamba ya usumba. Nataka tujue kama kisu chenye jina kubwa kinastahili pesa yake.

Swali hili hunijia kila msimu wa watu kurudi kutoka Maskati na Dubai. Mtu ana dada yake au shemeji yake huko, anapigiwa simu: "Nakuja, nikuletee kisu gani?" Anajibu: "Chochote kizuri." Kinaletwa kisu cha bei ya mbuzi, hakijamaliza mwaka kishakuwa butu, kinatupwa kwenye droo, na mwenyewe anasema majina haya ni uongo mtupu. Mimi naona si uongo. Tatizo ni kwamba visu tunavipima siku vinapotoka kwenye boksi, na siku hiyo karibu kila kisu ni kikali. Kisu kipimwe kikishachoka, kisha kipimwe tena kinavyorudi kutoka kwenye kinoo. Hapo ndipo utajua ulilipia nini.

Hatua ya kwanza, vijue unavyovishika. Mwanangu, sogeza simu karibu, waone.

Hiki chenye mpini mweusi wa plastiki ni Victorinox, aina ya Fibrox, bamba la sentimita 20. Kampuni hii ilianzishwa na Karl Elsener mwaka 1884 huko Ibach, Uswisi, na ndiyo hiyo hiyo ya vile visu vyekundu vya mfukoni vyenye msalaba. Bamba lake limekatwa kutoka kwenye shiti la chuma, halikufuliwa kwa nyundo, ndiyo maana ni jepesi.

Hiki cha pili, chenye ribiti tatu mpinini, ni Wüsthof Classic, cha mji wa Solingen, Ujerumani. Kampuni yake ni ya mwaka 1814. Hiki kimefuliwa kutoka kwenye kipande kimoja cha chuma, na chuma hicho kinapita ndani ya mpini mpaka mwisho. Kishike, utahisi uzito. Na neno Solingen si la kuandikwa ovyo: tangu mwaka 1938 sheria ya Ujerumani inalilinda, kisu kisichotengenezwa huko hakiruhusiwi kuliandika. Kwa hiyo ukikuta sokoni kisu cha bei ya chee kimeandikwa Solingen kwa herufi zilizopinda, kirudishe mezani na uendelee na safari yako.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana jambo hili wauzaji hawalisemi. Visu hivi viwili vina chuma cha aina moja. Kinaitwa X50CrMoV15: kaboni nusu asilimia, kromiamu kama asilimia 15, na kidogo cha molibdenamu na vanadiamu. Lakini Wüsthof hii Marekani huuzwa kwa zaidi ya dola 150, na Victorinox kwa chini ya nusu ya hapo. Tofauti iko kwenye kufuliwa, kwenye umaliziaji, na kwenye ugumu. Wajerumani wamekikaza chuma chao kufika 58 kwa kipimo cha Rockwell, Waswisi wameishia 55 au 56. Namba hizo zishikeni, tutazirudia.

Cha tatu ni cha Kijapani, chembamba, cha chuma kiitwacho VG-10. Hiki kina kaboni kama asilimia 1 na kimekazwa mpaka 60 na zaidi. Cha nne ni kile chembamba cha Thailand, cha mpini wa mbao, ambacho bei yake haimtishi mtu. Na cha tano hakina jina lolote. Kimefuliwa na mhunzi wetu hapa hapa Pemba kutokana na spring ya gari.

Hatua ya pili, kiangalie kabla hakijakata kitu. Kigeuze makali yakutazame, chini ya taa. Makali mazuri hayaonekani. Ukiona kimstari kinang'aa mahali, hapo pamelala au pameliwa. Kisha kitazame kwa urefu, kutoka kwenye mpini mpaka kwenye ncha, kama kimenyooka. Pitisha kidole penye kiungo cha mpini na bamba. Kukiwa na mwanya, shombo la samaki litaingia humo na halitatoka, na mbao ikishanyonya maji ribiti zitalegea.

Kuna visu vinatangazwa sana mtandaoni siku hizi, vimejaa michoro ya mawimbi ubavuni, vinaitwa vya Damaski. Utazame mgongo wa kisu. Kama matabaka ni ya kweli, mistari yake huonekana mpaka mgongoni, kwa sababu imo ndani ya chuma. Kama mchoro unaishia ubavuni tu na mgongo ni mweupe, mara nyingi huo ni mchoro uliochapwa juu. Na hata ukiwa wa kweli, mawimbi hayo hayakati kitunguu. Kinachokata ni chuma cha katikati, basi muulize muuzaji chuma cha katikati ni kipi. Asipojua, hujui unachonunua.

Hatua ya tatu, kata. Visu vyote vikiwa vipya au vimetoka kwenye kinoo, kata tungule bila kukandamiza, kisha kitunguu chembamba kama cha kachumbari. Hapa sitakaa sana. Vyote vinakata. Lakini angalieni mbatata: kisu cha Ujerumani kinaipasua kabla hakijaikata, kwa sababu bamba ni nene juu ya makali. Cha Thailand kinapita kimya. Wembamba wa bamba unafanya kazi kubwa kuliko jina lililoandikwa juu yake, na ndiyo maana wapishi wengi wa shughuli wanamenya na kukata vitunguu vya pilau, magunia kwa magunia, kwa visu vya bei ndogo, na hawakosei.

Hatua ya nne, kichoshe. Sheffield, Uingereza, kuna taasisi iitwayo CATRA yenye mashine ya kazi hii: kisu kinakatishwa karatasi ngumu zilizochanganywa na asilimia 5 ya mchanga wa kwatsi, mbele na nyuma, na mashine inapima kila mara kimekata kina gani. Sisi mashine hatuna, usumba tunao. Makumbi ya nazi yameozeshwa ufukweni, mchanga umejificha ndani ya nyuzi, hakuna kinachomaliza makali haraka kama huo. Ulaze usumba kwenye ubao, ukate vipande vya urefu mmoja, idadi moja kwa kila kisu, kwa sehemu ile ile ya bamba. Usikipendelee chochote. Kisha rudi kwenye tungule.

Tazameni. Cha Thailand sasa kinateleza juu ya ngozi ya tungule, kinataka kukandamizwa. Cha Victorinox kinaingia kwa kuvutwa. Cha Wüsthof kinaingia vizuri kidogo zaidi, na hapo ndipo ile tofauti ya 58 na 56 inapoonekana: ipo, ila ni ndogo. Cha Kijapani bado ni kama hakijafanya kazi. Na cha mhunzi wetu? Kiko sawasawa na cha Mjerumani. Spring ya gari ina kaboni ya kutosha, na mhunzi anayejua kukizamisha kisu na kukirudisha motoni kidogo ili kisiwe chepesi kuvunjika, anatoa kisu cha kweli. Shida ni kwamba si kila mhunzi anajua, na kisu hakisemi. Nunua kwa mtu ambaye visu vyake umeviona vikifanya kazi bucha au sokoni kwa samaki.

Hatua ya tano ndiyo kubwa. Kinoo.

Loweka kinoo majini mpaka vipovu viishe, kama ni kinoo cha kunyonya maji. Namba ya kinoo ikiwa kubwa, kinoo ni laini zaidi. Namba 1000 inatosha kwa nyumba. Namba 400 ni ya kisu chenye mapengo. Kiweke juu ya kitambaa kibichi kisiteleze. Sasa laza kisu, kisha inua mgongo wake kiasi cha unene wa kidole cha mwisho. Kwa kisu kipana kama hivi unapata mwinamo wa nyuzi 15 mpaka 20, na ndizo unazozitaka. Kidole kiondoe, mkono uukumbuke urefu ule.

Sukuma kwa ulaini, kutoka kwenye kisigino mpaka kwenye ncha. Usibadilishe mwinamo. Usikimbie. Endelea upande mmoja mpaka uhisi, ukipapasa ule upande wa pili kutoka mgongoni kuelekea nje, kijiuzi cha chuma kimejitokeza kwenye makali. Papasa kuelekea nje tu, usipitishe kidole kwa urefu wa makali. Hicho kijiuzi ndicho ushahidi kwamba umefika kwenye makali yenyewe. Watu wengi wananoa nusu saa, kijiuzi hakijatoka, wanasema kisu kibovu. Kikishatoka urefu wote, geuza, fanya upande wa pili hivyo hivyo. Mwisho pitisha kwa ulaini kabisa, upande huu mara moja, upande huu mara moja, mpaka kijiuzi kiishe.

Usinolee ukingo wa baraza wala ngazi ya saruji. Saruji inachana makali, haiyanoi. Na ukimpelekea mnoa visu mwenye gurudumu, simama naye, mwombe atumbukize kisu majini kila mara. Chuma kikigeuka rangi ya buluu kwenye makali kimeungua, ugumu wake umeondoka, na pale hakuna kinoo kitakachouregesha.

Sasa linganisheni. Victorinox na Wüsthof vimerudi upesi na makali yake ni yale yale ya mwanzo. Cha Thailand kimerudi upesi kuliko vyote, laini kama kilivyo. Cha mhunzi kinataka subira. Cha Kijapani kinataka kinoo kizuri na mkono uliotulia, na kikiwa butu kweli kitakuchukua asubuhi nzima.

Hatua ya sita, kazi ya kwetu. Muhogo mbichi, kichwa cha nguru, mbavu za mbuzi. Hapa ndipo nawaomba wenye visu vya Kijapani mnisikilize: msikitie kwenye mfupa, msikitie kwenye muhogo mkavu mkikipinda, msikate nacho samaki wa barafu. Chuma kigumu hivyo hakipindi, kinameguka. Nimeona kimoja cha pesa nyingi kikitoka kwenye kichwa cha nguru na mapengo matatu, na kisu hakikuwa na kosa lolote, kilitengenezewa kazi nyingine. Kwa jodari asiye na mfupa, kwa pweza aliyekwisha kuchemshwa, kwa mboga, hakina mfano. Kwa mfupa, chukua cha mhunzi. Na magamba tunapara kwa mgongo wa kisu, jamani, makali si ya magamba.

Basi ndugu yako wa Maskati akipiga simu, mjibu hivi. Kama ni kisu kimoja cha nyumba nzima, alete Victorinox ya sentimita 20, na pesa iliyobaki anunue kinoo cha namba 1000. Hicho ndicho kisu ambacho sifa yake imezidi bei yake. Kama anataka kukupa zawadi ya maisha, alete Wüsthof, au Zwilling, kampuni nyingine ya Solingen iliyoanza mwaka 1731, hatatupa pesa. Atakuwa amelipia uzito, mpini na umaliziaji, makali ya ziada ni machache. Kisu cha Kijapani kiwe cha pili, kisiwe cha kwanza, na kiwe cha mtu anayejua kunoa. Na kama hamna mtu ng'ambo, cha Thailand kwa mboga na cha mhunzi kwa samaki, pamoja na kinoo, jiko lenu limekamilika.

Hatua ya mwisho, hewa yetu. Chuma kisichoshika kutu nacho hushika kutu. Kromiamu huweka ngozi nyembamba juu ya chuma, na chumvi huitoboa ngozi hiyo, ndiyo maana kisu kilicholala kwenye beseni la samaki kinaamka na vidoa. Kioshe, kikaushe saa hiyo hiyo, hasa baada ya ndimu na embe mbichi. Kisu cha mhunzi kitageuka cheusi kwa ndimu, weusi huo hauna neno, ila ule wekundu uufute na ukipake mafuta ya nazi kidogo. Usikitupe droo moja na vijiko, makali yatagongana. Kivishe ala ya boksi la karatasi.

Kisu cha kuchinjia sikukigusa leo, na si kwa kusahau. Dini imetuamrisha kukinoa kabla mnyama hajalazwa, nacho kina urefu wake na unoaji wake. Nitakitolea video yake peke yake kabla ya Sikukuu Kubwa, inshaallah. Andikeni hapo chini kisu mnachotumia na kazi mnayokipa, na kama kina mapengo, pigeni picha ya makali yake mkiwa chini ya taa, mnitumie.