"Unalipwa kwa kukaa tu?" Ngoja nikujibu

Jambo yenu wote wa Bukavu, wa Kadutu, wa Nguba, wa Panzi, na ninyi wa Goma munaotufuata. Leo sijapamba, musinicheke. Kuna mtu ameniandikia: "Mama, eti Marekani wanakulipa kwa kukaa tu?" Nimekuja kumjibu.

Miaka 6 nimekata nyama kiwandani hapa Iowa. Kisu mkono wa kuume, ndoano mkono wa kushoto, baridi kama ya friji, maana ni friji kweli. Kila mshahara, kabla haujanifikia, walikata kitu cha Social Security, ile bima ya serikali. Hiyo ndiyo inayomlipa mtu aliyefanya kazi miaka ya kutosha, akishindwa kazi kwa ugonjwa utakaomshika miezi 12 au zaidi. Si sadaka, mupendwa. Ni pesa ya mgongo wangu.

Mgongo ulipogoma, nikaomba pesa hiyo. Barua ikarudi: hapana. Nilitaka kuitupa. Mama mmoja wa kanisani akanishika mkono: usitupe, hesabu siku. Una siku 60 za kukata rufaa tangu barua ikufikie, na wao wanahesabu kwamba imekufikia siku 5 baada ya tarehe iliyo juu yake.

Akanipeleka kwa avoka, yaani wakili. Niliogopa bei, si munawajua maavoka wetu, hajafungua mdomo wewe umeshafungua pochi. Huyu hakuomba kitu siku ile. Tukishinda, anachukua robo ya pesa za nyuma walizochelewa kunilipa, tena kuna kikomo cha serikali asichoruhusiwa kupita. Ile ya kila mwezi baadaye haigusi. Tukishindwa, jasho lake limepotea.

Akafungua dosye yangu, akasoma, akatikisa kichwa. "Kila ulipoenda kwa daktari, imeandikwa: mgonjwa anasema yuko sawa." Jamani! Si ndivyo tulivyolelewa? Mtu akikuuliza habari, unajibu "muzuri, Mungu anasaidia", ndipo unaanza kueleza maumivu. Daktari aliandika ile ya kwanza!

Halafu kuna fomu inayouliza siku yako inapita namna gani, toka kuamka mpaka kulala. Mimi kwa kiburi cha mama wa Kibukavu niliandika: napika.

"Unapika nini?" avoka akauliza.

"Bugali."

"Nani anasonga?"

Nikanyamaza. Binti yangu ndiye anasonga. Mimi nakaa kwenye kiti pale pembeni, namwambia ongeza unga, punguza moto. Mwaka mzima sijashika mwiko.

"Basi hayo ndiyo ungeandika."

Rufaa ya kwanza wanaangalia makaratasi tu, ikakataliwa. Ya pili ni mbele ya jaji. Walinipa mkalimani wa Kiswahili bure, kijana wa Kenya, nikisema bugali yeye anasema ugali, lakini tulielewana. Kulikuwa na mtaalamu wa kazi pia. Jaji akamuuliza: mtu asiyeweza kusimama hata dakika 15, anafaa kazi gani?

Kabla ya hayo jaji alinisalimia, akauliza nimeamkaje. Ulimi ukaanza: "Mu..." Avoka akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikasema: "Sikuamka, mheshimiwa. Toka saa tisa ya usiku nilikuwa nimekaa kitandani, mgongo unaniwaka."

Majibu yanakuja kwa posta, bado sijayaona. Kwa hiyo wewe uliyeuliza, mpaka leo sijalipwa hata dola moja ya kukaa. Barua ikifika nitaifungulia hapa hapa mbele yenu. Ngojeni... nakuja, mwanangu! Punguza moto!