Kabla Hujauliza Kitabu Kiko Upande Gani

Nimelisema hili hapahapa, na leo nalirudia: vitabu vya sayansi na imani tunavisoma kama mashabiki wa mpira. Kijana ananifuata baada ya ibada. "Mwalimu, hiki kiko upande wetu?" Umekisoma? "Bado, nataka kujua kwanza."

Basi sikilizeni habari za padri mmoja Mbelgiji, Georges Lemaître. Alipata upadri 1923, akaenda kusoma Cambridge, kisha Marekani. Mwaka 1927 akachapisha makala kwa Kifaransa, katika jarida la Brussels ambalo wachache walilisoma, akionyesha kwamba ulimwengu unatanuka. Mwaka uleule Einstein akamwambia: hesabu zako ni sahihi, ila fizikia yako haivumiliki. Lemaître hakurudi nyuma. Mwaka 1931 akasema kwamba tukiufuata mtanuko huo kinyumenyume tutafika kwenye atomu moja ya mwanzo, ambamo ulimwengu wote ulitokea. Wapo wanasayansi walioitilia shaka nadharia hiyo kwa sababu tu waliona inanukia Kitabu cha Mwanzo.

Sasa njooni 1951. Papa Pius XII anakihutubia Chuo cha Sayansi cha Kipapa, anasema sayansi imeishuhudia ile saa ya "Iwe nuru". Sisi tungepiga vigelegele! Lemaître hakufurahi hata kidogo. Padri huyo, mwenye nadharia yenyewe! Alishikilia kwamba nadharia yake haigusi swali la dini: asiyemwamini Mungu yuko huru kuikubali, na muumini vilevile. Nami naongeza langu: nadharia husahihishwa. Ukiibebesha imani yako, siku ikianguka utamlaumu nani?

Najua kuna anayesema moyoni, "Huyo ni Mkatoliki, sisi tuna yetu." Haya, Eddington aliyemfundisha kule Cambridge alikuwa wa Kanisa la Marafiki, wale tunaowajua hapa Kenya kwa Kaimosi. Umeridhika? Tuendelee.

Muda umekwisha, naona naonyeshwa saa. Wanaosema kanisa na sayansi ni maadui wa tangu jadi, wengi wanarudia vitabu viwili vya Wamarekani, cha Draper cha 1874 na cha White cha 1896; wanahistoria wameuacha mtazamo huo siku nyingi. Kuhusu Galileo, yule mwanasayansi aliyehukumiwa na kanisa, someni barua yake ya 1615 kwa Christina wa Lorraine, muone anavyoyajadili Maandiko.

Yule kijana wangu yuko pale nyuma. Soma sura mbili, mwanangu, kisha uje nacho tukifungue pamoja.